Nimeitumia sheria ya EAJA kudai gharama za wakili baada ya kuishinda serikali Marekani: nyota 4 kati ya 5

Nilishinda kesi dhidi ya idara moja ya serikali kuu hapa Marekani iliyotufutia kibali cha biashara yetu, na siku ya hukumu furaha ilidumu kama dakika kumi hivi alafu nikaikumbuka bili ya wakili. Huku ushinde ushindwe kila mtu anamlipa wakili wake, si kama Uingereza ambako aliyeshindwa ndo anabeba mzigo. Sasa idara ya serikali ina mawakili wa mshahara, kesi ikivutwa miaka miwili wao hawapungukiwi kitu, we mwenye biashara ndogo unaishiwa kabla hata hujasikilizwa.

Kilichoniokoa ni sheria ya EAJA, kirefu chake Equal Access to Justice Act. Ilipitishwa 1980 enzi za Rais Carter, ikaanza kufanya kazi Oktoba 1981, ikaisha muda wake 1984 kisha 1985 wakairudisha iwe ya kudumu. Inasema ukiishinda serikali kuu mahakamani, na msimamo wao ulikuwa hauna mashiko, wao ndo wanalipa wakili wako.

Si kila mtu anaingia. Mtu binafsi mali yake ukitoa madeni isizidi dola milioni 2, biashara isizidi milioni 7 na wafanyakazi 500, na wanaangalia ulivyokuwa siku ya kufungua kesi. Sisi tuko sita tu kwa hiyo hapo hakukuwa na ubishi. Ila kama mgogoro wako ni na jimbo au jiji hii haikuhusu, na kesi za fidia kama kugongwa na gari la serikali nazo hazimo.

Sasa kazi yenyewe. Wakili alinitumia jedwali la masaa, kurasa tatu, nikalisoma mstari kwa mstari. Wanahesabu kwa dakika sita sita, yaani 0.1 ya saa: 0.2 kasoma amri ya jaji, 0.1 kanipigia simu, 3.4 kaandika hoja za kujibu. Kulikuwa na 1.5 ya kupanga na kupeleka nyaraka mahakamani akaifuta mwenyewe, akanambia hiyo ni kazi ya karani, jaji akiiona hapa ataanza kuitilia shaka na mistari mingine yote. Hapo nilimheshimu sana, maana ile ni hela alikuwa anajikatia mwenyewe. Jamani kama wakili wako haandiki masaa yake siku ileile alofanya kazi, tafuta mwingine, jedwali la kukumbukia mwishoni majaji wanalikata bila huruma.

Muda nao usiuchezee. Una siku 30 kuanzia hukumu inapokuwa ya mwisho, yaani haiwezi kukatiwa rufaa tena, na kwenye kesi ya serikali muda wa rufaa ni siku 60, kwa hiyo kwa kawaida unasubiri 60 ziishe ndo 30 zako zinaanza. Ukichelewa umepoteza, haijalishi kesi ilikuwa nzuri kiasi gani.

Serikali haikubali kirahisi. Mlango wao wa kutokea ni kusema msimamo wao ulikuwa na sababu za kutosha hata kama walishindwa, na Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Pierce dhidi ya Underwood, 1988, ilisema kipimo ni kama mtu mwenye akili timamu angeridhika nao. Kizuri ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wao, tena wanapimwa hadi walivyofanya kabla ya kesi kufunguliwa. Kwetu barua yao ya kutufutia kibali ilisema hatujawasilisha cheti, na cheti kiko kwenye faili lao wenyewe ukurasa wa 41, kina muhuri wao wa mapokezi na tarehe! Wakili aliuweka ukurasa huo juu kabisa ya maombi. Walibisha hivyohivyo, na masaa ya kubishania gharama nayo tukalipwa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kiwango. Sheria inasema dola 125 kwa saa, imekaa hapohapo tangu 1996 (kabla ya hapo ilikuwa 75). Jaji anaweza kuongeza kwa kupanda kwa maisha na siku hizi inapita 200, lakini lazima uombe na uonyeshe hesabu, na wakili wangu anachaji 350. Nilirudishiwa kama theluthi mbili ya bili. Bila hii sheria ningerudishiwa sifuri kwa hiyo nashukuru, ila Bunge la hapa limelala kwenye hiyo namba karibu miaka 30 na wanaoumia ni watu wadogo ambao iliandikwa kwa ajili yao.

Kitu ambacho wengi hawajui, hela ni ya kwako si ya wakili. Hiyo iliamuliwa 2010 kwenye kesi ya Astrue dhidi ya Ratliff, na maana yake kama unadaiwa na serikali kuu, kodi ya nyuma au mkopo wa chuo uliokwama, wanakata deni lao kwanza ndo unapewa kilichobaki, hivyo mwambie wakili mapema msije mkagombana. Hela yenyewe inatoka kwenye bajeti ya idara iliyokukosea, na hilo mi nalipenda kuliko yote.

Ada ya kufungulia kesi, dola 405, iombe kivyake kama gharama za mahakama, hiyo haihitaji kuthibitisha kwamba msimamo wao ulikuwa mbovu (ila ujue ukishindwa wewe, na wao wanaweza kukudai gharama za aina hiyo). Inalipwa kutoka fungu jingine la serikali, kwangu ilikuja peke yake, wiki tatu baada ya ile kubwa.