Nyumba yenye esikyu Bamburi au fleti Nyali?
Kama pesa zako zatosha kununua kitu kimoja tu hapa Mombasa, mimi nasema chukua nyumba yenye esikyu (SQ, kale kanyumba kadogo ka mfanyakazi) nyuma, Bamburi ama Kiembeni. Wewe na familia mwakaa nyumba kubwa, esikyu mwapangisha, ama mwapangisha zote mbili na mpangaji mmoja akihama bado kuna kodi yaingia, lakini fleti ikikaa tupu ni tupu kabisa na savis chaji, ile ada ya kutunza jengo, bado wadaiwa kila mwezi. Fleti ina raha zake sikatai, askari getini, na wageni wa Desemba walipa vizuri.

Esikyu nayo iwekee meta yake ya stima na mlango wake, la sivyo mtagombana kila tokeni za stima zikiisha.

Na jamani taito, taito, yaani hati ya kumiliki ardhi, huku kwetu pwani nyumba nyingi zauzwa bila ardhi, wanunua kuta tu halafu wamlipa mwenye shamba kodi ya ardhi, na benki ikitaka taito ya kushikilia huna. Stampu diuti, ushuru wa serikali unaponunua, ni asilimia 4 kote kuwili, na ushuru wa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote ya wapangaji ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka.