Biogesi au makaa ya vifuu: kipi kinafaa jiko la Mombasa?

Ubishi huu haukosi barazani: taka za jikoni tuzigeuze gesi, au vifuu vya nazi tuvigeuze makaa?

Kwa gharama, mtambo wa biogesi unataka pesa nyingi siku ya kwanza, na nafasi pia. Mpangaji wa chumba kimoja Majengo asahau. Makaa unanunua kwa kilo, kadri ya mfuko wako.

Biogesi ni kama mfugo: usipoilisha kinyesi, maganda na maji kila siku, moto unafifia. Ukimwaga dawa ya choo humo, bakteria wanakufa na gesi inakata. Ila hupepei, huchafuki mikono, na tope linalotoka ni mbolea ya mchicha. Hapo makaa hayafui dafu.

Makaa nayo yana kazi yake. Vifuu huchomwa kwa hewa kidogo, vikasagwa, unga ukakandwa na uji wa muhogo, ukafinywa na kuanikwa. Masika yakishika, hasa Mei, hayakauki, na yakiwa mabichi ni moshi mtupu. Yakikauka barabara hukaa na moto muda mrefu. Muulize muuza mishkaki. Usiyawashe chumba kilichofungwa tu, yanaua.

Sheria ya taka ya Kenya ya 2022 inataka tutenganishe taka. Vizuri, lakini kinachowavuta watu kwenye biogesi au vifuu ni bei ya mtungi wa gesi.

Mwenye ng'ombe uani Likoni, ningemwambia biogesi. Anayehamahama nyumba, vifuu. Mwenye mkahawa Kongowea, karibu na maganda ya soko, huenda akataka vyote viwili.