Kuondolewa mshipa wa panja: uzoefu wangu baada ya miezi 8

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa na mshipa mnene kwenye panja la kushoto, ulioshuka mpaka karibu na pembe ya jicho na kutuna kila nilipoinama au kupaza sauti darasani, kiasi kwamba wanafunzi wangu hapa London walidhani nimekasirika hata nilipokuwa nikiwasifu. Haukuwa ugonjwa, kwa hiyo nililipa mwenyewe kwa daktari binafsi, na fedha hizo sizijutii.

Awali kliniki nyingine ilinishauri nichomwe sindano ya dawa ya kuziba mshipa. Daktari huyu alinikataza, akaeleza kuwa vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za eneo hilo zinaungana na zile za jicho, hivyo dawa ikipotea njia inaweza kudhuru uwezo wa kuona. Leza nayo aliiona inafaa zaidi kwa vimishipa vyembamba, na kwa ngozi nyeusi kama yangu alihofia kubaki na madoa. Alinipapasa panja kutafuta mapigo ili ahakikishe kuwa si ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na akanionya waziwazi kwamba neva (mshipa wa fahamu) inayoinua nyusi inapita papo hapo. Kwa maelezo hayo nilimwamini.

Siku yenyewe alinilaza kichwa kikiwa chini kidogo ili mshipa ujae damu, akauchora kwa kalamu kabla ganzi haijauficha. Sindano ya ganzi iliniuma kuliko yote yaliyofuata. Alitoboa vitundu vitatu vya milimita 2 hivi, akauvuta mshipa kwa kindoano kinachofanana na sindano ya kufumia; sikusikia maumivu bali mvuto, kama uzi unaochomolewa kwenye pindo la nguo. Hakushona, alibandika plasta nyembamba tu.

Lalamiko langu ni kwamba mtu wa mapokezi aliniahidi ningerudi kazini baada ya siku 2, ilhali kope la chini lilivilia damu, likawa la zambarau kisha la manjano kwa siku 12, nami sikuwa nimejiandaa kusimama mbele ya darasa katika hali ile.

Leo nyusi zote mbili zinainuka sawasawa. Tundu la juu limeacha nukta nyeusi ambayo mke wangu huiona kwa kuelekezwa. Asubuhi ninaponyoa ndevu na kuinamia sinki, pale mshipa ulipokuwa ukituna pamebaki ngozi tambarare, na mara nyingi hupagusa kwa kidole kabla ya kufunga maji.