Snipping Tool na Lens kwenye steshenari yangu ya Malimbe

Ukifungua steshenari jirani na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hapa Mwanza, utachapa maandishi ya kwenye picha kuliko utakavyotoa kopi. Mwanafunzi anaingia na simu, ndani ana slaidi alizozipiga akiwa kiti cha nyuma: "Shikamoo mama, naomba unichapie hizi, nakusanya saa nane." Siku hizi sichapi, Snipping Tool, zana ya kunasa skrini ya Windows 11, inanichapia.

Nafungua picha kwenye kompyuta, nabonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja, skrini inafifia, nazungushia kipande ninachokitaka. Nikikifungua kuna kitufe cha maandishi. Nakigusa, maneno yanakolezwa, nakopi, napesti kwenye Word. Maandishi yanasomwa ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo hata bando likikata kazi inaendelea. Windows 10 haina kitufe hicho. Laptopu yangu ya zamani nimeiwekea PowerToys, programu ya Microsoft haohao na ya bure, na humo ni Windows, Shift na T.

Karatasi ikiwa mkononi naita Google Lens, app ya simu inayosoma maandishi kwa kamera. Naielekeza simu, nachagua maandishi, nayatuma kwenye kompyuta, nayapesti. Sharti Chrome ya kompyuta iwe imefunguliwa kwa akaunti ileile ya simu, na intaneti iwepo.

Faida naiona zaidi kwenye kontrol namba, ile namba ya kufanyia malipo ya serikali. Tarakimu 12, mteja anazisoma kwa sauti, mimi naandika, foleni nyuma yake inapiga kelele kama mnada wa samaki pale Mwaloni! Sasa anatuma skrinishoti, nakopi namba nzima. Bado nailinganisha na picha kabla hajalipa, maana zana zote za aina hii picha ikiwa hafifu huweza kusoma 3 ikawa 8.

Jedwali mara nyingi linafika limevurugika, kulipanga upya ni kazi. Picha iliyozunguka magrupu ya WhatsApp nayo imeshabanwa, herufi zimekuwa ukungu. Huwa nawaambia, "Mwanangu, nitumie kama dokyumenti, siyo kama picha." Na skrinishoti ya app ya benki ikitoka nyeusi, simu yako ni nzima, app nyingi za benki zinazuia kwa makusudi. Pakua taarifa ya akaunti kwa PDF, uje nikutolee.

Kwa maandishi ya chapa nimeshusha bei hadi nusu. Mwandiko wa mkono bei ni ileile, na wanafunzi wa sheria wenye daftari zima wasininunie.