Uzoefu wangu: kisoma kadi cha RC522 kwa klabu ya sayansi ya watoto, Tabora

Seti niliyoinunulia klabu yetu ya sayansi hapa Tabora ina kisoma kadi cha RC522, kadi nyeupe moja na kitambulisho cha buluu cha kuning'iniza kwenye funguo, vyote vya masafa ya megahezi 13.56. Bodi ya Arduino Uno, yaani bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe tulikuwa navyo. Kwa kufundishia watoto wa darasa la tano hadi la saba, sijapata zana iliyo bora kuliko hii.

Ukiimulika kadi kwa tochi kali kutoka nyuma, mtoto anaona waya mwembamba uliozungushwa kandokando pamoja na kidoa cha chipu. Hapo anaelewa kwamba kisomaji hutoa uga wa sumaku, uga huo ukazalisha umeme katika waya ule, chipu ikaamka bila betri na kujibu kwa kubadilisha kiasi cha nishati inayovuta, badiliko ambalo kisomaji hulihisi na kulitafsiri kuwa data. Kadi iliyo ndani ya daftari inasomeka. Ikilazwa juu ya mfuniko wa sufuria, haisomeki.

Somo la kuhifadhi data ndilo lililowanogea zaidi. Kadi hii ya MIFARE Classic 1K ina baiti 1,024, zilizogawanywa katika sekta 16 zenye bloku 4 kila moja, na bloku moja hubeba baiti 16 tu, yaani herufi 16. Binti mmoja, ambaye kwao wanafuga nyuki, alitaka kuandika "MZINGA 7 MWEMBENI", herufi na nafasi 17. Akaondoa nafasi moja, maneno yakaenea. Aliporina asali aliyafuta na kuandika tarehe, lakini namba iliyowekwa na kiwanda katika bloku ya kwanza ilibaki vilevile.

Kasoro zipo. Pini zilikuja hazijalehemewa, ikabidi nimwone fundi redio. Kijitabu hakitahadharishi kwamba kisomaji hutumia volti 3.3, wala kwamba kuandika ovyo kwenye bloku ya mwisho ya sekta, zinapokaa funguo za siri na ruhusa za kusoma na kuandika, kunaweza kuifunga sekta hiyo kabisa. Tena usimbaji wa kadi hizi, yaani ufichaji wa data kwa msimbo wa siri, ulivunjwa na watafiti mwaka 2008, kwa hiyo zitumike kufundishia, si kulinda mlango wa ofisi.

Anayeagiza seti hii aongeze kadi tupu, angalau moja kwa kila watoto wawili.