Verni ya mawe ya uani: uzoefu wangu, na yule kijana wa duka

Wenye haraka niwaambie mapema: verni hii, dawa ya kupaka mawe yang'ae, msinunue. Pengine nikifika mwisho nitakuwa nimegeuza maneno, najijua, lakini saa hii msinunue.

Nyumba yetu iko Keshero, mtaa wa Goma. Klotire, yaani ukuta wa kuzunguka nyumba, ni ya mawe ya volkano, na ua pia, yale mawe meusi ambayo Goma nzima inajengea kwa sababu ndiyo mlima uliyotupa. Mlangoni tu ndipo tulipotandika pave za simenti, na wakati huo zilikuwa mpya, hazijamaliza hata wiki mbili. Anayelijua jiwe letu anajua kazi yake ni kunywa. Lilipokuwa linapoa gesi ya volkano ilinaswa ndani, likabaki na vitundu vitundu kama andazi lililoumuka vizuri. Mvua inyeshe ipendavyo, ukimaliza chai yako ua umekauka. Sisi huku tunalia na vumbi jeusi. Matope tumewaachia watu wa Bukavu (mnisamehe, wakwe zangu wako huko).

Kwa hiyo ua haukuwa na shida. Shida ilitoka arusini. Baba watoto alienda kwenye sherehe ya rafiki yake, akaona mawe yanang'aa kama sakafu ya benki, akarudi na picha kwenye simu. Wiki nzima ni picha hiyo tu. Nikachoka, nikaenda mjini kutafuta dawa yenyewe.

Dukani nikamkuta kijana mmoja, shati limenyooshwa, maneno matamu. “Mama, hii ni ya Ulaya. Inazuia maji, inazuia kijani, inazuia mafuta. Ukipaka leo umesahau.” Nikamwambia pave zangu bado mpya. “Hakuna shida, Mama.” Nikamwambia mvua zimeanza. “Ndiyo vizuri, Mama, inazuia mvua!” Nikacheka, nikatoa dola 85. Naandika hiyo bei na mkono unaniuma.

Fundi wetu ni mzee, amejenga mtaa ule tangu tukiwa watoto. Hakuanza kupaka. Alichota maji kwa kikombe, akamimina kidogo juu ya jiwe, akachuchumaa kuangalia. Yale maji yalizama papo hapo, jiwe likageuka jeusi zaidi, basi. Akamimina pengine, ni hivyo hivyo. Akaniangalia. “Mama, hili bado linakunywa. Na chini pia linakunywa, kutoka kwenye udongo. Ukilifunga mdomo, maji ya chini yatatokea wapi?” Nikamwambia, Papa, paka tu, bwana ametaka ing'ae. Hapo kosa ni langu, silikatai.

Siku tatu za kwanza, jamani! Uzuri ule. Majirani walisimama getini. Mawe yalikuwa kama yamepakwa mafuta ya nazi, hata mimi nilipiga picha. Ikaja mvua kubwa ya usiku, asubuhi nikakuta ua una ukungu. Si ukungu wa hewani, ni ndani ya verni, kama mtu amemwaga maziwa chini ya kioo. Kwenye maungio chumvi nyeupe ya simenti ilikuwa inasukuma kutoka chini, imekosa njia, ikainua verni vipande vipande. Ukishika kipande na kucha kinavuka kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Na pave za mlangoni ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akafika na boti ya asubuhi. Mwanamke huyu amepanda vilima vya Kadutu, kule Bukavu, maisha yake yote, na matope yale, hajawahi kuanguka. Alikuja kuteleza kwangu, mlangoni, na kandambili zake, akakaa chini na kapu la samaki juu yake. Hakuumia, namshukuru Mungu. Ila alinyamaza siku nzima, na mwenye mama mkwe anajua kunyamaza huko ni nini.

Nikabeba kipande cha pave kilichokuwa na ugonjwa wote huo, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, hadi dukani. Kijana yule yule. Nikamwekea kipande juu ya kaunta. Hakukigusa, alikuwa kwenye simu. Nikamsomea maandishi ya nyuma ya bidoni (dumu la dawa), yale ya Kifaransa, herufi kama sisimizi: uso uwe mkavu kabisa, simenti iwe imetimiza siku 28. Kwa nini hukuniambia? Kimya. Nikageuza mbele, kuna picha ya nyumba imefunikwa na theluji. Imeandikwa inakinga mawe dhidi ya barafu na chumvi ya barabarani. Huko kwao ni kweli: maji yanaingia kwenye jiwe, yanaganda, yanavimba, yanalipasua, na juu yake wanamwaga chumvi ili magari yasiteleze. Mimi theluji ninayoijua ni ile nyeupe tunayoiona kwa mbali siku moja moja juu ya mlima Karisimbi. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, Keshero barafu iko wapi?

Hapo ndipo alipojibu, bila kuinua uso: “Mama, kama huna nguvu ya kutunza nyumba, mbona ulijenga?”

Kulikuwa na watu kama watano dukani. Mmoja akacheka.

Mimi nimejenga nyumba ile jiwe kwa jiwe. Nimebeba maji ya kuchanganyia simenti kwa bidoni za lita ishirini, mimba ikiwa ya miezi saba. Na mtoto wa mtu ambaye hajawahi kununua hata msumari wake mwenyewe ananiuliza mbona nilijenga. Nilitoka bila kujibu. Jibu lilikuja usiku, kama kawaida ya majibu mazuri. Na wakati wa kutoka ndipo nikaona kitu: kizingiti cha duka lao ni mawe ya volkano, matupu, makavu, hayajapakwa chochote.

Baadaye yule mzee fundi akanieleza, bila kunicheka. Dawa hizi ni za aina mbili. Kuna inayotengeneza ngozi juu, ndiyo hiyo yangu ya kung'aa, na kuna inayoingia ndani ya jiwe bila kubadilisha sura yake na kuacha mvuke upite. Mwenye jiwe linalokunywa kutoka chini, akitaka lazima apake, achukue hiyo ya pili, msimu wa kiangazi. Na kabla ya yote atandaze plastiki chini, abandike kingo zote na skochi (utepe wa gundi), aache hadi kesho yake. Akikuta umande chini ya plastiki, arudishe pesa yake mfukoni. Plastiki na skochi! Kitu cha franki chache kingeniokoa.

Kutoa verni tumetumia brashi ya chuma, karibu mwezi. Kwenye pave imetoka kwa kiasi. Kwenye lava haitoki kabisa, imebaki ndani ya vile vitundu, nyeupe, kama macho yenye mtoto wa jicho. Ua mzima unaniangalia.

Sasa nifike pale nilipojua nitafika. Kuna kona ya jiko, chini ya mabati, tuliyoitandika pave miaka minne nyuma. Ni pakavu, mvua haifiki. Fundi alipaka na hapo, nusu ya bidoni nzima. Zamani mawese yakidondoka pale doa lilibaki hadi Noeli. Siku hizi nikimwaga sombe nafuta na kitambaa, imekwisha. Haijavuka, haijageuka nyeupe. Inaniuma kuandika hivi, lakini kwa pale dawa ni nzuri, ni nzuri sana. Na maungio ya klotire pia siyakatalii dawa, maana mvua yetu inabeba moshi wa volkano yetu Nyiragongo, ina asidi, mabati yetu ni mashahidi, na simenti nayo inaliwa polepole. Labda ile ya kuingia ndani ingesaidia. Labda.

Nyota basi? Dawa naipa tatu. Nikikumbuka ua, mbili. Nikikumbuka yule aliyecheka dukani, hata nusu siwapi.

Bidoni iko nyuma ya mlango wa jiko, imebaki kama lita mbili. Jirani ameiomba apake ngazi zake za mawe. Nimemwambia aje kwanza na plastiki na skochi, tulale, tuone asubuhi. Hajarudi.