Kituo cha malezi ya mchana Tabata, kwa macho ya mama mhasibu

Kwa miezi 14 sasa mwanangu analelewa katika kituo kidogo cha malezi ya mchana kilichopo Tabata, Dar es Salaam. Kwa kuwa mimi ni mhasibu na ofisi yetu iko Posta, nimekipima kwa kipimo ambacho huenda wazazi wengine hawakitumii: kalenda ya kodi.

PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) hutakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, ritani (taarifa ya kodi) ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hufuata tarehe 20, na Juni 30, kwa kampuni ambazo mwaka wake wa hesabu huishia Desemba, ritani ya mwaka ya kodi ya mapato huangukia siku moja na awamu ya pili ya kodi ya makadirio. Kati ya tarehe 8 na 15 naweza kutoka ofisini saa kumi na moja jioni bila kuulizwa. Siku nyingine sina uhakika huo. Kituo nilichoanza nacho kilifungwa saa kumi na mbili, nami mara mbili nilimkuta mtoto amelala kwenye benchi la mlinzi.

Hapa, kila mwisho wa mwezi, mama msimamizi hupitisha daftari ili mzazi aandike jioni anazojua atachelewa, na jioni hizo mlezi mmoja hubaki hadi saa mbili na nusu usiku, mtoto akiwa ameshaoga na kula. Ada ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na kila jioni iliyoandikishwa huongeza 5,000. Anayechelewa bila kuandikisha hulipa 10,000, jambo ninaloliona la haki, kwani mlezi naye ana watoto wanaomsubiri nyumbani.

Mwanangu aliingia akiwa na miezi saba. Saa mbili za kunyonyesha ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama kwa siku hazikunifaa kitu, maana foleni ya Buguruni pekee ilizimaliza. Walezi walipokea maziwa niliyokamua, wakaandika muda na kiasi alichokunywa kwa usahihi ambao ningependa kuuona kwenye daftari letu la matumizi madogomadogo ofisini.

Kasoro zipo. Risiti huandikwa kwa mkono, na mara moja nililazimika kuwaonyesha kwamba jumla yao ilizidi kwa 5,000. Walirekebisha papo hapo. Wali na maharage hupikwa mara nyingi mno. Jumamosi hufunga saa saba mchana, kwa hiyo wakaguzi wa hesabu wanapokuwa ofisini kwetu, mtoto huenda kwa bibi yake Kinyerezi, na bibi hakosi la kusema.

Nimeshalipia hadi mwisho wa Julai, na kwenye daftari la Juni nimeandikisha jioni tisa.